Siku Moja Bila Papasi: Kilomita 17 za Njia ya Mahujaji, Ufaransa

Kazi yangu kutembeza wageni, mwaka wa kumi na nne huu. Asubuhi nawapeleka Kizimbani na Kidichi kwenye mashamba ya viungo, jioni nawazungusha vichochoro vya Mji Mkongwe, na usiku kabla sijalala nafungua simu nione nimepewa nyota ngapi. Uchungu wa nyota naujua. Kuna mama aliwahi kunipa tatu kwa sababu mvua ilinyesha. Mwezi wa nne, masika yamekolea, eti mvua ilinyesha! Basi safari hii zamu yangu mie kutoa nyota, na nimejiapiza kuwa mvua simhesabii mtu.

Ninachokipima ni siku moja tu ya kutembea kwa miguu, kutoka kijiji cha Nasbinals mpaka Saint-Chély-d'Aubrac, kusini mwa Ufaransa, pamoja na nyumba niliyolala, chakula nilichokula, na gari lililobeba begi langu. Hilo gari nitalifikia. Majina ya biashara siyataji. Nina malalamiko, na najua neno la mtu mmoja mtandaoni linavyoweza kumtia mwenzake hasarani.

Nilifikaje huko? Mzee mmoja na mkewe, wastaafu wa Lyon, wamekuja Unguja mara tatu na mara zote wametembea na mimi. Mara ya tatu tukiagana, Mzee akasema, "Mwakani mgeni ni wewe." Nikayachukulia ni maneno ya uwanja wa ndege. Kumbe mwenzangu amekusudia. Ikaja barua ya mwaliko, nikaenda Dar es Salaam kuhangaikia viza, na mwezi wa sita nikajikuta nimesimama Le Puy-en-Velay na fimbo mkononi kama mchunga mbuzi wa Makunduchi.

Njia inaelekea Santiago de Compostela, Hispania, ambako Wakristo wanaamini lipo kaburi la Mtakatifu Yakobo, mwanafunzi wa Nabii Issa. Askofu wa Le Puy, Godescalc, aliishika mwaka 950, na mpaka leo watu wanaifuata. Kutoka Le Puy mpaka milima ya Pyrenees ni kilomita 750 hivi, na ukishavuka kuingia Hispania bado una nyingine kama hizo. Wengi hawaimalizi kwa mara moja. Mzee na Mama wanaila kama halua, kidogo kidogo, wiki moja kila mwaka, na mwaka huu walikubali kuanza upya toka Le Puy kwa ajili yangu. Hii ninayoisimulia ilikuwa siku ya sita.

Mama yangu mzazi aliposikia neno hija hakupendezwa. "Wewe Makka hujafika, unakwenda kuhiji kwa Manasara?" Nikamwambia, mama, mie naenda kuangalia ng'ombe. Na wallahi sikusema uongo. Siku ile niliona ng'ombe wengi kuliko watu. Na watu wenyewe walikuwa wa kila namna: fundi bomba aliyestaafu, msichana aliyeachana na mchumba wake, na bwana mmoja aliyeniambia hana dini yoyote ila goti lake linaipenda njia hii. Hakuna aliyeniuliza dini yangu mpaka wakati wa chakula, na hapo walikuwa na haki ya kuuliza.

Tuanze na njia, maana ndiyo bidhaa yenyewe.

Kilomita 17, kwa kipimo cha kwetu, ni kama utoke Darajani kwa miguu na pumzi zikuishie kabla hujaiona Mahonda. Lakini kwetu ardhi imelala. Kule unaanzia mita kama 1,180 juu ya bahari, unapanda mpaka zaidi ya 1,300, halafu unateremka mpaka kwenye 800. Masingini yetu, tunayoiita mlima, haifiki mita 150.

Kipande hichi kimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Njia za Santiago za upande wa Ufaransa ziliingizwa mwaka 1998: makanisa, madaraja, hospitali za kale, na vipande saba vya njia yenyewe, hiki kikiwa kimojawapo. Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000. Kwa hiyo nilikwenda na jicho la mwenye duka anayeingia duka la jirani. Nikatafuta kibanda cha tiketi, mlinzi, mtu wa kuniuliza natokea wapi. Hakuna. Kuna majani, mawe, kuta fupi za mawe yaliyopangwa bila chokaa, na uzio wenye mlango unaoufungua mwenyewe na kuufunga mwenyewe ili ng'ombe wasitoke. Kwetu urithi ni milango ya njumu na mabaraza. Pale urithi ni ule udongo unaoukanyaga, pamoja na mavi ya ng'ombe yaliyo juu yake. Ilinichukua saa nzima kukubali.

Na papasi hakuna, wale vijana wa kuwaganda wageni njiani. Wenzangu wa mjini mnajua nasema nini. Toka bandarini mpaka Forodhani hujapiga hatua kumi ushaulizwa kama unataka teksi, boti ya Changuu, au duka la binamu yake. Mie mwenyewe nilianza hivyo, sina haja ya kuficha. Kule, saa nzima baada ya saa nzima, hakuna aliyeniuzia kitu. Waliopo ni jamaa zao wa asili, kupe wa majanini, na Mama alikuwa akinilazimisha kila jioni nijikague nyuma ya magoti. Papasi wa kwetu angalau ukimwambia hapana mara tatu anakwenda zake.

Anayekuongoza ni rangi. Mistari miwili, mweupe juu mwekundu chini, imepakwa kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye nguzo ya uzio. Ukipinda, nawe unapinda. Ukiona msalaba wa rangi hizo hizo, umekosea, rudi. Njia ina namba, GR 65, na wanaoipaka rangi ni watu wa kujitolea wa shirikisho la watembea kwa miguu la Ufaransa. Basi, imetosha. Hakuna hadithi ya sultani na masuria, hakuna kijana wa kupanda mnazi huku akiimba, hakuna kofia ya makuti mwisho wa safari. Nilijiona kama mpiga zumari aliyealikwa kwenye harusi, akafika akakuta watu wanacheka na kula na hakuna aliyeukumbuka muziki.

Tulitoka Nasbinals saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya kutoka Mzee alinionesha kanisa lao la kale na sanamu ya bwana mmoja aitwaye Pierre Brioude, maarufu Pierrounet, aliyeishi kuanzia 1832 mpaka 1907. Nikauliza, alikuwa jemadari? Hakuwa. Alikuwa mganga wa kuunga mifupa, na watu walikuwa wakitoka mbali kuja kunyooshwa viungo vyao. Nikawakumbuka wazee wetu wa shamba waliotuunga mikono tulipoanguka miembeni tukiwa wadogo, ambao hata kibao cha jina hawakuwekewa. Kwa sanamu hiyo peke yake kijiji kina nyota kwangu.

Ukungu ulitukuta nje ya kijiji tu. Desturi ya njia ile ni kila mtu na mwendo wake, hakuna kungojana, mtakutana mbele. Mzee na Mama wameshavuka sabini, mie nina miaka arobaini na miwili na miguu ya kupanda ngazi za Mji Mkongwe, nikatangulia kwa madaha.

Sasa niwaambieni siri ya kazi. Nina mchezo wangu. Tukifika Sokomuhogo nawaambia wageni, haya, piteni mbele, niongozeni nyinyi. Baada ya dakika tano wamepotea, wanacheka, wanaogopa kidogo, na mie natokea kichochoro cha pili, "Karibuni, huku." Mchezo huo una bakshishi nzuri.

Nyanda za juu za Aubrac hazina miti ya kutosha. Ni malisho tu, mpaka macho yachoke, na mawe makubwa ya matale yaliyotupwa huku na huku kama mtu aliyekuwa akijenga akaghairi. Ukungu ukishuka huoni nguzo ya pili. Na ng'ombe nao wana njia zao, zimekanyagika vizuri kuliko ya mahujaji. Nikaifuata mojawapo. Dakika tano hakuna alama. Dakika kumi hakuna alama. Simu haina mtandao. Nikasimama, nikasikia kengele za shingoni mwa ng'ombe, pande zote, karibu, na ng'ombe mwenyewe simuoni. Halafu nikamuona mmoja, hatua nne mbele yangu. Ng'ombe wa Aubrac ana rangi ya ngano, pembe ndefu za kupinda, na macho yamezungushiwa weusi kama aliyepakwa wanja kwa ajili ya harusi. Alikuwa akinitazama kwa utulivu kabisa. Nikasoma Ayatul Kursi. Yeye akaendelea kutafuna.

Nilikaa juu ya jiwe muda ambao kwa saa ni dakika ishirini na kwa moyo ni nusu siku. Kisha nikafanya lile ambalo rangi zinakufundisha: rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona. Nikarudi kwa kufuata matundu ya fimbo yangu matopeni. Nguzo nikaikuta. Alama ilikuwapo, safi, imepakwa vizuri, ila wakati napita kuna ng'ombe alikuwa amejiegemeza hapo anajikuna, akaifunika na mwili wake. Simpi nyota pungufu mtu kwa hilo.

Kufika kijiji cha Aubrac, kama kilomita tisa toka tulikoanza, nikawakuta Mzee na Mama wamekaa, wanakunywa chai. "Tulidhani umetangulia," akasema Mzee. Mama akatazama pembeni asicheke.

Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya kengele. Husimuliwa kwamba bwana mkubwa mmoja wa Flanders, Adalard, alipita nyanda hizi akienda Santiago, akanusurika na majambazi, na kurudi akakutwa na tufani ya theluji. Akaweka nadhiri, na mnamo mwaka 1120 ikajengwa hapo nyumba ya kuwapokea na kuwalinda mahujaji. Watawa walikuwa wakigawa mkate mlangoni. Na usiku, au ukungu na theluji vikishuka, waligonga kengele waliyoiita ya waliopotea. Ilikuwa na maandishi ya Kilatini, na maneno mawili kati ya hayo, *errantes revoca*, maana yake waite waliopotea warudi. Kanisa bado lipo, la mawe mazito, na karibu yake upo mnara wa mwaka 1353 unaoitwa wa Waingereza, kwa sababu ulijengwa kujikinga nao. Hawa jamaa kila ninakokwenda nawakuta.

Niliisimamia ile kengele moyoni kwa muda. Miaka 900 iliyopita mtu aliyepotea kwenye malisho yale alikuwa akisikia sauti ya mtu mwingine. Mie leo nimesikia ng'ombe. Ukiniuliza kama mtaalamu, huduma ya zamani ilikuwa bora kwa jambo hilo moja, na njia imepoteza nusu nyota. Mzee hakukubaliana nami. Alisema rangi haichoki na haiombi bakshishi. Tukabishana mpaka mwenye mgahawa akaja kutazama.

Chai ile. Hapa nitakaa, maana viungo ndiyo skuli yangu. Wanaiita chai ya Aubrac lakini si majani ya chai. Ni mmea wa porini wenye maua ya waridi, wa ukoo mmoja na mnanaa, unaota wenyewe kwenye vivuli vya misitu yao. Niliomba jani bichi, nikalifikicha kwenye kiganja kama ninavyowafanyia wageni Kizimbani, nikafumba macho. Mnanaa unatangulia, baadaye kinakuja kitu cha jamii ya ganda la chungwa, na mwisho uchungu mdogo wa mrehani uliokaa. Bila sukari. Nikaagiza bakuli la pili. Mwenye mgahawa alipoambiwa kazi yangu aliniletea tawi zima, nikampa karafuu tano nilizokuwa nazo mfukoni (natembea nazo, kwa meno). Akanusa, akasema kwa Kifaransa cha taratibu ili nielewe, "Daktari wa meno." Dunia nzima karafuu ni daktari wa meno.

Alinieleza pia kuhusu yale maua meupe tuliyoyapita, ya nasisi, yaliyobaki machache kwa kuwa msimu ulikuwa unakwisha. Watu huyavuna malishoni na kuyapeleka Grasse kutengenezewa manukato. Nikamueleza habari ya mlangilangi, na kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinachokamua mafuta ya karafuu. Mazungumzo hayo yalikuwa ya dakika kumi na ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyoyafanya mchana ule.

Maana baada ya Aubrac nilitembea kimya. Mie! Mke wangu hakuniamini nilipomsimulia. Siku za kawaida mdomo wangu unafunguka saa mbili asubuhi na haufungwi mpaka mgeni wa mwisho apande gari. Huu ni mdalasini, hii ni hina, nusa, onja, kisia. Kule mti nauona na hakuna wa kumwambia, na kusema kweli hata jina lake sijui. Mwanzo kichwa kilikuwa kikiendelea kuongea chenyewe, kwa Kifaransa na Kiingereza na Kitaliano cha kuungaunga. Baada ya saa mbili kikachoka. Tangu nirudi nimejaribu mara moja kuwanyamazia wageni Kizimbani, dakika kumi tu, wasikilize miti. Mmoja akaniuliza kama naumwa.

Chakula cha mchana kilitoka nyumba tuliyolala Nasbinals, yuro 9, ndani ya mfuko wa karatasi. Nilikuwa nimeagiza bila nguruwe. Nikafungua nikakuta nguruwe, amelala katikati ya mkate kama mwenye nyumba. Mama akanipa wa kwake wa jibini, Mzee akaula wangu wa nguruwe, na tofaa likawa langu. Mkate wao ule mrefu una ganda la kukata ufizi. Si kama boflo letu la asubuhi linaloingia kwenye chai likaridhika. Lakini jibini ya huko, inayoitwa Laguiole, nikiipata Darajani nitakuwa mteja wa kila wiki. Zamani ilitengenezwa huko huko malishoni, ndani ya vibanda vya mawe ambavyo wachungaji walikaa tangu ng'ombe wanapopandishwa mwishoni mwa mwezi wa tano mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Vibanda vingi sasa ni magofu. Tulikula tumeegemea kimoja.

Mteremko wa kwenda Saint-Chély ndio ulionimaliza. Kilomita nane, mita 500 za kushuka, mawe yaliyolegea na mizizi. Na buti zangu. Nilizinunua Darajani kwenye mitumba, elfu thelathini na tano, buti za Ulaya hasa, ngozi nene, bado zinang'aa. Muuzaji alinihakikishia hazijavaliwa. Nadhani alisema kweli, na hilo ndilo lililokuwa tatizo: kiatu kilichokaa miaka kabatini soli yake inaoza kimyakimya. Nusu ya mteremko soli ya kulia ikafunguka mbele kama mdomo wa chewa. Hatua ishirini baadaye ya kushoto ikaona isibaki nyuma. Mzee alikuwa na utepe wa gundi, tukazifunga mzingo kwa mzingo mpaka zikafanana na kifurushi cha posta, nikateremka hivyo, nikiburuza, saa moja na nusu. Watu wawili walinipita. Wa kwanza alinipa pole. Wa pili alinipiga picha, na sikumlaumu.

Saint-Chély ni kijiji kidogo kilichojibana bondeni, mapaa ya mawe, kimya. Kutoka kijijini unavuka daraja la kale la mahujaji, nalo limo kwenye orodha ya UNESCO, na kwenye msalaba wa mawe darajani pamechongwa hujaji mdogo na fimbo yake. Hilo nililiona asubuhi yake. Jioni ile sikuwa na miguu ya kwenda popote.

Nyumba za kulala mahujaji wanaziita kwa neno ambalo katika ulimi wetu wa pwani linatoka "jiti". Siku ya kwanza Mzee aliposema tutalala jiti nilifikiri mtini. Ni nyumba ya kawaida yenye vyumba vya vitanda vya kupandana, sita au nane chumba kimoja, wanaume na wanawake pamoja, na hilo ndilo lililonipa tabu kuliko kilomita zote. Mama mwenye nyumba aliliona usoni mwangu bila kuambiwa. Akanihamishia kwenye chumba kidogo cha Mzee na fundi bomba, na hakuniongezea bei. Yuro 48 kitanda, chakula cha usiku na cha asubuhi. Kwa bei niliyobadilishia ni kama laki moja na arobaini. Kwa Ulaya si ghali. Kwa mshahara wangu usiulize.

Mlangoni unavua viatu na kuviweka kwenye rafu. Nilijisikia nimefika msikitini, jinsi vilivyopangwa, hamsini hamsini, na harufu yake. Begi haliingii chumbani, linabaki chini, kwa kuogopa kunguni. Usiku unabeba vitu vyako kwenye kikapu. Sharti hilo nimelipenda, na kuna nyumba za wageni mjini kwetu ningependa wenyewe wasome hapa. Kisha wanakugongea muhuri kwenye kijitabu chako cha njia. Kila kituo kina muhuri wake, na watu wazima nimewaona wakiulinda huo muhuri kama watoto na stempu za zamani. Wengi pia wananing'iniza kombe kwenye begi, alama ya mahujaji wa Yakobo. Kombe la pwani, si kombe la kunywa. Nilipowaambia kwetu yapo makombe ya kila aina ufukweni walinitazama kama tajiri.

Sasa begi. Asubuhi unaliacha mlangoni likiwa na karatasi ya jina la nyumba unayokwenda, gari linapita, jioni unalikuta. Yuro 9. Siku tano mfululizo hakuna kosa. Siku ya sita langu halikuwapo. Msuli wangu ndani, mswaki ndani, kandambili ndani, na buti zangu zimekufa. Nilikaa barazani na soksi. Mama mwenye nyumba alipiga simu nne. Begi lilikuwa limeshushwa kwenye nyumba nyingine yenye jina linalofanana, kijiji cha mbele, na likaletwa saa mbili usiku na kijana aliyeomba radhi mara nyingi mpaka ikawa aibu kumkasirikia. Lakini nyota mbili ni mbili. Mie nikimpeleka mgeni Jambiani wakati amelipia Nungwi, sitarajii tano.

Chakula kinaliwa pamoja, meza moja ndefu, saa moja jioni. Kulikuwa na aligo. Ni viazi vilivyopondwa, vikachanganywa na jibini changa, siagi na kitunguu thomu, halafu vinasongwa. Vinasongwa kweli, kwa mwiko mrefu, sufuria imebanwa kama mtu anayesonga ugali wa harusi, mpaka unga wa viazi unaanza kuvutika. Mama mwenye nyumba aliunyanyua mwiko juu ya kichwa chake na aligo ikafuata bila kukatika, kama pazia. Watu wote wakapiga makofi. Walikula na soseji. Mie nilikaangiwa mayai mawili bila kuomba, kwa kuwa safari hii ujumbe wa nguruwe ulifika. Aligo ni nzito. Sahani ya pili nilipewa kwa lazima, na ya tatu niliiomba mwenyewe. Kitu kilichokosekana ni pilipili. Kijiko kimoja cha chatini ya embe mbichi na kile chakula kingekuwa hakina mpinzani.

Mkate wao mtamu wa mwisho, fuasi, umetiwa maji ya maua ya machungwa. Mungu anajua ulinirudisha nyumbani mpaka nikanyamaza.

Jua linazama saa tatu na nusu usiku. Mtu uliyezaliwa Unguja, ambako magharibi ni kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, huwezi kulizoea. Wenzangu walishazima taa, na mie nangoja adhana ambayo hakuna atakayeiadhini. Kibla kwetu ni kaskazini, huna haja ya kufikiri. Kule ni kusini-mashariki. Nilitandika msuli uani, karibu na kamba ya nguo, nikajumuisha magharibi na isha kama msafiri. Nilipotoa salamu ya kulia nikamuona mama mwenye nyumba amesimama mlangoni na taulo zake mkononi, anangoja nimalize ili apite kuanika. Sijui alisimama muda gani.

Fundi bomba anakoroma. Hilo si la kumhesabia mwenye nyumba.

Nilikuwa nimepanga nyota nne: moja pungufu kwa ajili ya maji ya bafuni, yanayokatika kila sekunde ishirini mpaka ubonyeze tena. Lakini asubuhi, kahawa ipo mezani kwenye bakuli (bakuli kabisa, kama la uji), yule mama akaja na sanduku la viatu vilivyoachwa na mahujaji waliopita, waliorudi kwao kwa malengelenge au kwa kuchoka. Akanitazama miguu, akatoa buti moja, akatoa ya pili. Saizi 43. Hakutaka hela. Zangu za Darajani akazishika kwa ncha za vidole, akasoma maandishi ndani ya ulimi wa kiatu, akacheka, akamuonesha Mzee: zilitengenezwa Ufaransa. Zimetoka kwao, zimefika kwetu kwenye bunda la mitumba, nimezirudisha mwenyewe kuja kuzikia kwao.

Nimempa tano. Hizo 43 ndizo ninazovaa Kizimbani mpaka leo, kidole gumba cha kulia kinabana kidogo.